Koti la Maji

Ukipanda boti pale Dunga, kabla hujaanza kutafuta kiboko wa kupiga picha, geuka uangalie nyuma. Pembeni mwa injini, chini kidogo ya kifuniko chake, kuna kitundu. Injini ikiwaka, kitundu hicho hutoa uzi mwembamba wa maji unaorudi ziwani. Watalii huuona wakadhani kuna kitu kinavuja. Mjomba wangu, ambaye amevua na kusafirisha watu kwenye hii ghuba ya Winam tangu kabla sijazaliwa, ana sheria moja tu ya ufundi: injini ikikojoa iko hai. Isipokojoa, zima, hata kama upepo unakupeleka Homa Bay.

Mimi sheria hiyo niliijua. Tena niliijua kwa hesabu. Tutafika huko.

Ndani ya injini mafuta yanapolipuka, gesi yake inaweza kufika nyuzi joto 2,000 na zaidi. Pistoni inayosukumwa na gesi hiyo ni ya aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ukikaa ukafikiria, injini yoyote inayotembea ni kitu ambacho kilipaswa kuwa uji. Kinachoiokoa ni kwamba silinda yake ina kuta mbili, na katikati ya kuta hizo kuna nafasi ambamo maji yanapita bila kukoma, yakichukua joto na kwenda kulitupa kwingine. Theluthi moja hivi ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta huishia kwenye maji hayo. Yaani ukinunua mafuta ya shilingi mia tatu, mia moja ni ya kupasha maji moto. Mafundi wa Kibuye wanaiita nafasi hiyo wota jaketi. Mimi nitaiita koti la maji, na najua inachekesha, kwa sababu koti ni la kujikinga na baridi na hili ni la kujivua joto.

Ila mojawapo ya makoti ya kwanza kabisa kuvishwa silinda lilikuwa kweli la kukinga baridi. Na hapo ndipo historia ya Kisumu inapoanzia, huko Glasgow, miaka zaidi ya mia moja kabla ya mji wetu kuwa mji.

James Watt hakuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow wala mhadhiri. Alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia aliyekuwa na karakana yake mle ndani. (Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikuwa tayari nimeacha chuo, kwa hiyo mnielewe nikiwa upande wake.) Mwaka 1763 akapewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Newcomen autengeneze. Akagundua kwa nini ile mashine ilikuwa inakula makaa kama haina kesho. Mvuke uliingia kwenye silinda, halafu maji baridi yakanyunyizwa humo humo ili mvuke ugeuke maji na pistoni ishuke. Silinda ikapoa. Mvuke mwingine ulipoingia, sehemu kubwa yake iliishia kupasha moto chuma upya kabla ya kufanya kazi yoyote. Ni kama kuchemshia chai kwenye sufuria unayoizamisha kwenye maji baridi kila baada ya kikombe kimoja.

Watt akafanya mambo mawili, na yote yamo kwenye hati ya ugunduzi aliyopewa mwaka 1769. Kwanza, mvuke upozwe kwenye chombo kingine, mbali na silinda. Pili, silinda yenyewe ibaki moto muda wote, na njia mojawapo ni kuizungushia koti lenye mvuke. Sehemu ya moto ibaki moto, ya baridi ibaki baridi. Kutoka hapo, injini zote zilizokuja Nyanza, za meli, za reli, za kusaga mahindi, ni mabishano juu ya jambo hilo hilo: joto liende wapi, na maji ya kulipeleka yatoke wapi.

Sasa, kutoka Glasgow ukienda magharibi chini ya kilomita 15 unafika Paisley. Huko kulikuwa na kiwanda cha meli cha Bow, McLachlan. Mwaka 1890 kiwanda hicho kiliunda meli ndogo ya mvuke kwa ajili ya kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa hati ya kutawala na kufanya biashara huku kwetu. Meli ikapewa jina la mwenye kampuni, William Mackinnon, ambaye naye ni Mskoti. Iliundwa, ikafunguliwa vipande vipande, vipande vikapigwa nambari, vikafungwa kwenye masanduku na kuletwa Mombasa. Kutoka Mombasa hadi ziwani hapakuwa na reli. Kulikuwa na mabega ya wapagazi.

Hapa huwa nasimama kidogo. Vitabu vingi vya historia tulivyosoma shuleni vinapita haraka: meli ikaletwa, ikaunganishwa, ikaelea. Lakini kati ya kuundwa Paisley na kuelea Kisumu mwaka 1900 ilipita karibu miaka kumi. Chuma cha boila hakina mpini. Mtu hawezi kukibeba kama gunia la mtama, na njia ilikuwa inakata Taru, nyika isiyo na maji, kabla hata hujaiona milima. Kampuni yenyewe ilifilisika na kumwachia serikali mzigo meli ikiwa bado haijaonja ziwa. Mackinnon alikufa mwaka 1893, hakuiona ikielea. Wanaume waliobeba vipande vyake hawana jina kwenye meli yoyote.

Meli ilitangulia, reli ikafuata. Desemba 1901 reli ikafika ukingoni mwa ghuba, zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa, na kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Jina halikushika. Wajaluo walikuwa tayari wana jina la mahali pale, mahali pa kwenda kutafuta chakula na kubadilishana bidhaa, na hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Treni na meli zilikuwa na tabia tofauti kabisa kuhusu maji, na tofauti hiyo iliupanga mji. Garimoshi hunywa na kutema. Mvuke ukishasukuma pistoni unatupwa hewani, puu, puu, na ndiyo ile sauti tunayoigiza kwa watoto. Kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani lazima lisimame linywe tena, na ndiyo sababu stesheni za zamani zina matangi juu ya nguzo. Kule Taru, wakati wa ujenzi, maji yenyewe ililazimu yaletwe kwa treni, ili treni na watu wapate kunywa. Meli hutumia mvuke tofauti. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hupelekwa kwenye kondensa, chombo kilichojaa mirija, maji baridi ya ziwa yakipita upande mmoja na mvuke upande wa pili. Mvuke unapoa, unageuka maji, unarudi kwenye boila. Joto linabaki ziwani.

Nam Lolwe, ziwa lenye kilomita za mraba kama 68,000, likawa rejeta ya himaya.

Zikafuatana kutoka kiwanda kile kile cha Paisley: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga. Kila moja iliundwa, ikafunguliwa na kuletwa vipande, sasa kwa reli, kisha ikaunganishwa hapa Kisumu. Pamba ya Uganda ilipita gatini kwetu. Kahawa pia. Watoto wa Alego, Nyakach na Gem waliokuja kutafuta kazi ya kupakua magunia walijikuta mbele ya mitambo ambayo wenzao wa Paisley walikuwa wamezaliwa nayo, na wengine wakaingia chumba cha mashine wakajifunza. Usoga iliachishwa kazi miaka ya 1970 na ikazama pale pale gatini. Nilipokuwa mdogo sehemu yake ilikuwa bado inaonekana juu ya maji, nyekundu kwa kutu, ndege wamekaa juu. Nilidhani ni kisiwa cha chuma.

Dizeli ilikuja na shida mpya. Injini ya mvuke inataka silinda yenye moto. Injini ya dizeli inachomea mafuta ndani ya silinda yenyewe, kwa hiyo shida yake ni kuzuia isijichome. Koti likageuzwa. Meli ya Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilikuwa ya injini za dizeli, na watu wa rika la babu yangu bado wanaizungumzia jinsi ilivyokuwa nyeupe. Na jambo hili mhadhiri wetu alilipenda sana: injini kubwa za dizeli huvaa koti kwa njia zote mbili. Kabla ya kuwashwa, maji ya kwenye koti hupashwa moto kwanza ili chuma kisishtuke. Ikishawaka, maji hayo hayo yanaanza kazi ya kuipoza.

Lakini watu wengi wa Nyanza hawakukutana na koti la maji melini. Walikutana nalo kwenye mashine ya posho.

Kule kwa dani, upande wa Katito, mashine ya posho ilikuwa kwenye banda la mabati na ilikuwa na sauti unayoisikia kabla hujafika sokoni. Tuk. Tuk. Tuk. Polepole, kama mzee anayepanda ngazi huku akihesabu. Ilikuwa ya aina ya Lister, injini ya silinda moja yenye gurudumu zito kila upande. Asili yake ni Dursley, mji mdogo wa Gloucestershire, Uingereza, ambako zilianza kuundwa karibu na mwaka 1930. Zilizunguka mara 600 au 650 tu kwa dakika, wakati pikipiki ya bodaboda inafika maelfu. Kwa sababu ya upole huo zilidumu miaka na miaka. Baadaye mafundi wa Rajkot, Gujarat, wakaanza kuunda za kufanana nazo, na kwa kuwa maduka mengi ya vipuri ya Kisumu yalikuwa ya familia zilizotoka Gujarat, sioni ajabu kwamba injini ya Mwingereza iliendelea kuishi huku kwa mkono wa Mhindi.

Injini hiyo haikuwa na pampu ya maji. Nilipokuwa mtoto sikulijua hilo, na nilipolielewa chuoni nilicheka peke yangu darasani. Kando yake palisimama pipa la lita mia mbili lililojaa maji, na mabomba mawili: moja linatoka chini ya pipa kwenda chini ya koti, jingine linatoka juu ya koti kurudi juu ya pipa. Basi. Maji yakipata joto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe na kurudi pipani. Ya baridi, mazito, yanateremka kuchukua nafasi yake. Yanazunguka siku nzima bila kusukumwa na mtu. Kazi ya mwenye mashine ni kuhakikisha pipa halipungui, na kazi hiyo alikuwa anatupa sisi watoto. Ndoo moja ya maji kutoka mtoni, kusagiwa debe bila kungoja foleni. Jioni mashine ikizimwa, dani alikuwa anateka maji ya lile pipa na kutuogesha. Yalinuka mafuta kidogo. Mpaka leo nikiona hita ya maji ya umeme kwenye nyumba za watu Milimani, nanusa dizeli.

Kuna kitu kimoja kuhusu Kisumu ambacho vitabu vya Uingereza haviwezi kukwambia. Huko pwani ya bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa ziwani tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo yanachemka karibu nyuzi 96. Kule juu ya Mau, ambako reli ya zamani ilivuka kwa zaidi ya mita 2,500, ni kama 91. Maana yake matatu inayopanda Kericho kutoka Ahero inapoteza nyuzi za akiba kila inapopanda, na ni kule kule juu ndiko injini inafanya kazi ngumu zaidi. Kifuniko cha rejeta chenye springi kiko pale kwa sababu hiyo: kinayabana maji yasichemke mapema. Ndiyo maana pia ukikifungua gari ikiwa imechemsha, maji yale yanageuka mvuke usoni mwako. Kila stendi ina makanga mmoja mwenye kovu la kusimulia hili. Usimuulize, atakusimulia tu.

Sasa twende kwenye gugumaji.

Ni ua zuri, la rangi ya zambarau, la asili ya Amerika Kusini. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunika ghuba yetu kiasi kwamba mtu mgeni angedhani ni shamba. Boti zilikwama. Meli zilishindwa kufunga gatini. Kule Jinja liliusumbua mtambo wa umeme wa Owen Falls, kwenye maji ya kupozea mashine. Mwaka 1997 wataalamu wa Kenya wakaachilia fukusi, wadudu wadogo wanaokula gugu hilo peke yake, na kufikia mwaka 2000 ziwa lilikuwa limefunguka. Watu wakashangilia. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zikalirudisha. Tangu hapo linakuja na kuondoka kwa kadiri ya upepo na mvua, likisukumwa kutoka Kendu Bay hadi Dunga kama ng'ombe wasio na mchungaji.

Injini ya boti haina rejeta. Haina pipa. Inavaa ziwa lenyewe. Chini ya maji, karibu na panga, ina matundu yenye wavu. Pampu ndogo yenye mabawa ya mpira huvuta maji, huyapandisha kwenye koti, na huyatoa. Ni mpango mzuri kuliko wote niliowahi kuusoma, almradi kinachozunguka boti ni maji. Mizizi ya gugumaji ni kama nywele. Ikiziba ule wavu, pampu inazunguka kavu na mpira unaungua ndani ya muda mfupi sana. Maji yaliyobaki kwenye koti yanageuka mvuke, na mvuke hauwezi kubeba joto kama maji. Pistoni inavimba. Inasugua. Inashika.

Januari 2019 nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo, nimekuja nyumbani likizo. Mtihani wa somo la joto nilikuwa nimeupita vizuri. Ndio ulikuwa alama yangu bora. Mjomba alikuwa na injini ya nguvu za farasi 15, aliyoinunua kwa mkopo wa chama. Injini hiyo ndiyo ilikuwa inalipa nusu ya karo yangu. Asubuhi hiyo alinipa usukani tukirudi na abiria wanne, yeye akakaa mbele na upondo anatafuta njia kati ya magugu.

"Okewa, angalia maji," alisema. Wajaluo humwita hivyo mtoto wa dada.

"Naangalia, nera."

Nilikuwa naangalia simu. Kikundi cha darasa kilikuwa kinabishana kuhusu matokeo, na mimi nilikuwa na matokeo mazuri ya kutangaza. Sijui uzi wa maji ulikatika lini. Nilichosikia ni sauti ya injini ikipanda kidogo, kama mtu anayesafisha koo, halafu harufu ya mpira, halafu kimya. Kimya cha ziwa ni kikubwa sana. Mjomba hakugeuka mara moja. Abiria mmoja, mama wa samaki, ndiye aliyesema, "Imenoki hiyo."

Tulisukumwa kwa upondo mpaka ufukweni. Fundi alipofungua, silinda ilikuwa na mikwaruzo kama ya kucha. Kwenye daftari langu kulikuwa na mlinganyo unaoeleza kila mkwaruzo. Chama kilitaka pesa zake, mjomba akaiuza ile boti, na Septemba sikurudi chuo. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na nimewahi kumwomba anilaumu.

Kuandika nilianza mwaka huo huo, kwa sababu simu nilikuwa nayo bado. Makala yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya Desemba 2019: meli ya mabehewa, Uhuru, iliyojengwa miaka ya 1960 na kukaa bila kazi miaka mingi, ilikuwa imekarabatiwa na inarudi kubeba mafuta hadi Port Bell, Uganda. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilikuwa vimebomolewa mwaka huo bandari ikitengenezwa. Niliandika kuhusu tani na wawekezaji, kama kila mtu. Nilipomsomea mjomba, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mhariri hakuliuliza wala mimi sikuliuliza bandarini: "Hiyo meli inavutia maji wapi? Wavu wake ukoje?"

Alipata injini nyingine mwaka 2021, mtumba, ya nguvu za farasi 9.9, na anafanya kazi kwenye boti ya mtu. Wikendi huwa naenda naye. Hanipi usukani. Ananikalisha nyuma kabisa, mgongo kwa abiria, simu yangu iko mfukoni mwake, na kila baada ya dakika kadhaa anapaza sauti bila kugeuka.

"Okewa. Maji?"

"Yanatoka, nera."